"Nne Zinatosha": Kauli ya Kuua Watu Barabarani

Katika Barabara Kuu ya Morogoro, pale Misugusugu kati ya Kibaha na Mlandizi, hupita mizigo ya Zambia, ya Kongo na ya mikoa yetu ya bara. Hupita mabasi, magari madogo na pikipiki, na kando yake watoto wa shule huenda na kurudi kwa miguu. Gurudumu likichomoka mahali kama hapo halichagui wa kumpiga. Kwa hiyo tunasema bila kumung'unya maneno: mwenye gari anayelituma barabarani huku akijua bolti za gurudumu zimekatika si mzembe tu. Amekwisha kuzikadiria roho za wenzake na kuziona ni rahisi kuliko kipande cha chuma chenye urefu wa kidole.

Bolti tunazozisema ni zile zinazotokeza kwenye habu, ambazo mafundi huziita stadi. Gari dogo huwa na nne au tano kwa kila gurudumu. Lori kubwa mara nyingi kumi. Ikikatika moja, dereva humwarifu tajiri wake, na tajiri, ambaye jioni hiyo hiyo amepokea hesabu yake kamili, hujibu: "Nne zinatosha." Zinamtosha nani? Aliyeunda gari hakuweka ya tano kwa mapambo. Wala bolti hazikuwekwa ili gurudumu lining'inie juu yake kama koti juu ya msumari. Kazi yake ni kulibana gurudumu kwenye habu kwa nguvu hata lisiweze kucheza. Moja ikiondoka, mbano hupungua, gurudumu huanza kucheza, na zilizobaki hupindwapindwa kila mzunguko mpaka nazo zichoke.

Watakuwapo wa kusingizia umaskini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokosa fedha za kigeni na vipuri vikawa adimu, hoja hiyo ilikuwa na uzito. Leo maduka ya Gerezani, Kariakoo, yamejaa vipuri, na bolti moja ya gari dogo haifikii bei ya mafuta ya kutoka Misugusugu kwenda Dar es Salaam na kurudi. Huo si umaskini, ndugu zangu. Ni uchoyo.

Mafundi nao wasijifiche nyuma ya matajiri. Toyota nyingi ndogo hutumia bolti ya milimita 12 ambayo meno yake yamepishana kwa milimita 1.5, Nissan nyingi hutumia unene uleule, lakini meno yamepishana kwa milimita 1.25. Fundi asiyejali huokota nati ya Toyota akaishindilia kwenye bolti ya Nissan, spana amechomeka bomba refu. Nati inaingia, naam, kwa kuyala meno! Kesho yake haishiki tena, naye huwasha mashine akaichomelea. Moto ule huuharibu ugumu wa chuma, na gari linaondoka gereji likiwa hatari kuliko lilivyoingia.

Na kazi yenyewe haina miujiza. Gari huegemezwa juu ya vigingi imara, gurudumu hutolewa, kisha dramu au diski ya breki. Bolti mbovu hugongwa ikatokea nyuma, na mpya yenye unene, meno na urefu uleule huvutwa mpaka ikae kabisa. Kutu husafishwa. Nati hukazwa kwa kupishana, si kwa kuzunguka duara, na kwa spana ya kipimo: kwa Toyota nyingi ndogo ni kama nyutoni-mita 103. Baada ya kilometa 50 hadi 100 hukaguliwa tena. Iliyokatika kwa kuchoka ibadilishwe pamoja na wenzake wote wa gurudumu lile, maana wamebeba mzigo wake. Kibaha, ambako TAMCO iliunganisha malori ya Scania, haiwezi kudai kwamba elimu hii ni ngeni.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kutembea barabarani. Lakini tumeigeuza kuwa sheria ya vioo: stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama ikionekana, gari limepona. Stika haikazi nati. Bolti iliyokatika huonekana kwa macho, na michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati hueleza kwamba imelegea. Atakaye kuyaona hayo hana budi kuinama.

Tena faini hii anayotozwa dereva ambaye hana hata tairi moja katika gari lile inamfunza nini tajiri aliyelala nyumbani? Gari lizuiwe papo hapo, jina la mwenyewe liandikwe, na lisiondoke mpaka alete bolti kwa mkono wake. Abiria watachomwa na jua? Watachomwa, na nauli warudishiwe kutoka mfukoni mwake.