Jino la Garissa laweza kuokolewa, ila koleo ndilo lililo karibu

JINO likioza hadi mzizini, wakazi wengi wa Garissa, Wajir na Mandera hujua tiba moja tu: kung'olewa. Tiba hiyo ni ya haraka na haimrudishi mgonjwa hospitalini mara ya pili. Lakini si lazima tena iwe ndiyo ya pekee.

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari ukutani. Baina ya mzizi na mfupa mna utando mwembamba wa kano, ambao unene wake haufiki nusu milimita, wenye seli hai zinazolishikilia jino. Mzizi ukitoboka, dawa ya kuziba tundu hilo hugusana na seli hizo moja kwa moja. Zikifa, jino huweza kulegea hata kama tundu limezibwa barabara.

Hapo ndipo dawa za zamani zilipokwama. Amalgamu, iliyo na zebaki, na mchanganyiko wa zinki na kiini cha mafuta ya karafuu, ziliwahi kutumiwa kwa kazi hii, ila majaribio ya maabara yalionyesha kwamba ziliziumiza seli za kano. Katika miaka ya 1990, Profesa Mahmoud Torabinejad wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani, alileta dawa ya MTA, ambayo asili yake ni saruji. Naam, saruji, jamaa ya hii ya kujengea nyumba, ila iliyosafishwa. Ya dukani haifai kinywani kamwe, kwa kuwa huweza kuwa na madini ya sumu. MTA inapokuwa mbichi huwa kali kwa seli. Ikishaganda, seli hujishikiza juu yake na kuongezeka. Bila shaka, seli za maabara si kinywa cha binadamu, chenye mate, damu na viini.

Tatizo la MTA ni muda, kwani hukawia karibu saa tatu kabla ya kuganda na mara nyingi mgonjwa hutakiwa kurudi siku nyingine. Kwa mkazi wa Nairobi hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mfugaji anayewafuata ngamia wake kutafuta malisho, huenda siku hiyo nyingine isifike. Dawa mpya zaidi za jamii hiyo, mathalani Biodentine, huganda kwa takriban dakika 12. Kwa maoni yangu, kaunti hizi zinaponunua dawa hazipaswi kutazama bei pekee, bali pia safari ambazo mgonjwa ataepushwa.

Dawa peke yake haitoshi, kwani panahitajika eksirei, vyombo vyembamba na daktari wa meno mwenye ujuzi, na madaktari hao wamejazana mijini. Hospitali za kaunti zimekuwa chini ya serikali za kaunti tangu 2013. Mabunge ya kaunti hizi tatu yanapojadili bajeti ya afya, yana haki ya kuuliza ni meno mangapi yaling'olewa mwaka uliotangulia, na mangapi kati ya hayo yangaliweza kuzibwa.