“KWANGU INAKUBALI” SI JIBU



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya neno moja linalosikika sana katika chumba cha kompyuta. Mwanafunzi akiandika programu, kompyuta yake ikaijenga vizuri, kisha mwenzake akaijaribu katika nyingine ikagoma, huambiwa: “Kwangu inakubali.” Basi mambo huishia hapo, na yule aliyekalia kompyuta kuukuu hunyamaza, akidhani ubovu ni wake.

Mimi nasema hilo si jibu. Mkulima wa alizeti hapa Nduguti akiona mbegu ile ile imeota shamba la bondeni na kukataa la mlimani, halaani shamba; hutazama udongo, maji na siku ya kupanda. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Chukua mfano. Faili limehifadhiwa kwa jina la Hesabu.h, lakini ndani ya programu limeitwa hesabu.h. Windows kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, kwa hiyo hulipata. Linux huyahesabu kuwa majina mawili mbali mbali. Hulikosa, na kazi husimama. Kumbe kosa lilikuwamo tangu mwanzo, na kompyuta iliyogoma ndiyo iliyosema kweli!

Kulitafuta kosa si uganga. Kwanza, soma ujumbe wote wa kosa, hasa ule unaotangulia, maana mara nyingi mengine huzaliwa na huo. Pili, andika katika karatasi moja habari za kompyuta zote mbili: mfumo, toleo la kompaila, na maktaba zilizomo. Tatu, badili jambo moja tu, kisha ujenge tena. Ukibadili matatu pamoja, hutajua lipi limeponya.

Hata mabingwa hufanya hivyo. Watengenezaji wa Debian walianza mwaka 2013 kazi ya kujenga programu moja mara mbili, wakigeuza kwa makusudi tarehe, saa za eneo na jina la kompyuta, kisha kulinganisha matokeo.

Kwa hiyo nashauri: programu isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka ijengwe katika kompyuta mbili zisizofanana, na ile kuukuu iwe mojawapo. Maana amalizaye shule atawafanyia kazi watu ambao kompyuta zao hajapata kuziona. Shime, wanafunzi wenzangu!