Cheti cha Parke Kisinunuliwe



Wale kati yenu wanaoomba viza ya masomo ya Ubelgiji hukuta sharti hili: aliyepita umri wa miaka 18 alete cheti kinachoshuhudia kwamba hakuhukumiwa kwa kosa la jinai, nacho kiwe hakijatimiza miezi 6. Kwetu cheti hicho hutolewa na parke. Kile cha mwenendo mwema kutoka komine ni karatasi nyingine kabisa.

Twasikia wengine wakinung'unika kwamba wanadhaniwa kuwa wahalifu. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto wa waziri naye huulizwa. Linalotuhuzunisha ni kumwona kijana asiye na hatia, aliyechoshwa na "rudi kesho" za ofisini, akimpa komisioneri pesa na kuletewa muhuri wa uongo. Hapo ndipo ajipatiapo kosa alilokuwa hana. Ubalozi waweza kuichunguza karatasi. Na viza ikikataliwa kwa sababu ya hati bandia, maombi yatakayofuata yatasomwa kwa mashaka. Na pesa za jamaa, pengine za shamba lililouzwa, hazitarudi.

Na yule aliyewahi kuhukumiwa kweli? Asijifiche. Amwulize mwanasheria kabla hajalipa ada ya chuo cha ng'ambo. Huenda akanyimwa viza, nasi hatutaki kumdanganya. Ila masomo ya Bukavu au Lubumbashi yangali mbele yake.

Anayetazamia kuanza masomo Septemba asiende parke mwaka mzima kabla, wala asingoje Agosti.