Dawa ya Kiungulia Iwe na Mwisho Wake

Yapo maradhi yanayoshtua watu, na yapo maradhi yaliyozoeleka hata hayaitwi tena maradhi. Kipindupindu kikiingia katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, viongozi hukutana siku hiyo hiyo, maji hutiwa dawa na kila nyumba hukaguliwa choo chake. Lakini mtu aliyekaa miaka mitano akichomwa kifua kila baada ya mlo, akigutuka usiku kwa sababu maji machungu yamempanda kooni, hakuna anayemhesabu kuwa ni mgonjwa. Mwenyewe hujiita mtu wa kiungulia, hupitia dukani akanunua vidonge, na siku zikaendelea.

Hatusemi kwamba kila kiungulia ni jambo la kutisha. Kiungulia cha siku moja baada ya karamu hakimhitaji mganga. Tunachosema ni kwamba kiungulia kinachorudi wiki hata wiki ni ugonjwa wenye jina na wenye matibabu, na kwamba dawa yake ni lazima iwe na sababu inayojulikana, iwe na kipimo chake, na iwe na mwisho. Dawa isiyokuwa na mwisho si tiba tena, bali ni kodi ambayo mwananchi anajitoza mwenyewe.

Asili ya ugonjwa huu si ya kificho. Tumbo la binadamu hutengeneza tindikali kali ya kusaga chakula na kuua vijidudu. Kati ya tumbo na umio, yaani ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni, pana msuli wa mviringo unaofanya kazi ya mlango. Mlango huo ukilegea, tindikali hupanda mahali pasipoumbwa kuistahimili, na hapo ndipo mtu husikia moto kifuani. Unene wa tumbo, ujauzito, tumbaku, pombe, shibe kubwa na kulala mara baada ya kula, vyote husaidia kuulegeza mlango huo au kuusukuma kutoka chini.

Tukitazama maisha ya wilaya zetu tutaona jinsi mpango wa kazi unavyoukaribisha ugonjwa huu. Katika milima ya Maguu na Umatengo kwa jumla, mkulima hushinda akichimba ngolo au akihudumia kahawa, mlo wake mkubwa ukawa ni wa usiku, na akishakula uchovu humlaza papo hapo. Huku chini ziwani, mvuvi wa dagaa hukesha majini na taa zake, hurudi alfajiri, hula akashiba na kulala mchana. Wote wawili hulala tumbo likiwa limejaa. Tena wote wawili huumwa mgongo kwa kazi, na wengi hujitibu kwa vidonge vya diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, ambavyo huudhuru utando wa tumbo na umio. Hivyo mtu hununua kidonge cha mgongo asubuhi, na jioni akanunua kingine cha kuzima moto uliochochewa na kile cha kwanza.

Dawa za kupunguza tindikali zipo, na historia yake ni ya kutia moyo. Zamani mgonjwa alikuwa na magadi na vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, ambavyo huizimua tindikali kwa saa chache tu. Mwaka 1976 Uingereza ilianza kutumia simetidini, dawa ya kwanza ya kundi lake iliyoweza kupunguza utengenezaji wenyewe wa tindikali. Mwaka 1988 ikaingia sokoni omeprazoli, yenye nguvu kuipita, ambayo leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kitu ambacho zamani kilikuwa cha matajiri wa Ulaya sasa mkulima wa Maguu anaweza kukipata. Hiyo ni hatua kubwa, na hakuna sababu ya kuibeza.

Lakini dawa nzuri ikitumiwa vibaya hupoteza wema wake. Omeprazoli haikuundwa kumezwa moto unapowaka, kama mtu anayemwaga ndoo ya maji. Humezwa mara moja kwa siku, kiasi cha nusu saa kabla ya mlo wa kwanza, kwa muda wa wiki nne hadi nane, kisha mgonjwa hutazamwa upya. Wapo wachache ambao tabibu atawaamuru waendelee kwa muda mrefu, na wapo wachache zaidi watakaohitaji upasuaji wa kuukaza ule mlango. Waliobaki hupunguziwa dawa pole pole hadi kuiacha. Anayeiacha ghafla baada ya miezi mingi aelewe kwamba tindikali huweza kufurika kwa siku kadhaa, naye akadhani ugonjwa umerudi, kumbe ni mwili unajirekebisha. Wengi hukwama hapo, wakarejea dukani.

Tena tusisahau ranitidini. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa dawa salama ya tumbo. Mwaka 2020 Marekani iliagiza iondolewe yote sokoni baada ya kugundulika kuwa na kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Hatulitaji jambo hilo ili kuwatisha watu waogope dawa. Tunalitaja kuonyesha kwamba hata dawa iliyozoeleka huhitaji jicho la mtaalamu, na jicho hilo halimfikii mtu anayejinunulia kimya kimya mwaka baada ya mwaka.

Kwa wenzetu wa visiwani na wa mwambao lipo jambo jingine la kupimwa kwa makini. Tindikali ya tumbo si adui, bali ni askari wa mlangoni. Vijidudu vya kipindupindu vinavyoingia na maji machafu hukutana nayo kwanza, na vingi hufa hapo. Mtu aliyemwondoa askari huyo kwa vidonge, naye anakunywa maji ya ziwa yasiyochemshwa, amejifungulia mlango wa maradhi makubwa zaidi. Jirani zetu wa Malawi, tunaochangia nao maji ya ziwa hili, walipatwa mwaka 2022 na 2023 na mlipuko wa kipindupindu mkubwa kuliko wote katika historia ya nchi yao, na watu zaidi ya 1,700 walifariki. Kwa hiyo mgonjwa wa ziwani anayepewa dawa hizi hana budi aambiwe pale pale juu ya kuchemsha maji.

Sasa tufikie lile lililo zito zaidi. Eneo la mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kushuka kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, linajulikana kwa wingi wa saratani ya umio, na Malawi ni miongoni mwa nchi zenye kiwango cha juu kabisa duniani. Aina ya saratani iliyoenea huku, kwa sehemu kubwa, haitokani na kiungulia, na hatutaki msomaji alale na hofu isiyo na msingi. Tatizo ni kwamba mgonjwa wake huweza kuanza kwa kulalamikia kifua na koo, akaambiwa na jirani kwamba hicho ni kiungulia tu, akameza vidonge mpaka chakula kinapokataa kupita. Hapo tena muda unakuwa umekwisha. Ugonjwa huu katika Afrika Mashariki huwapata hata vijana wa chini ya miaka 40, kwa hiyo umri mdogo si hirizi.

Uchunguzi uliofanywa Kilimanjaro, Eldoret na Blantyre umeelekeza kidole, pamoja na mambo mengine, kwenye desturi ya kunywa chai na uji wa moto sana. Mwaka 2016 Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kuleta saratani. Kungoja kikombe kipoe hakumgharimu mtu hata senti moja.

Dalili za kumpeleka mtu hospitali bila kuchelewa ni hizi: chakula kukwama au kuuma kinapomezwa, kupungua uzito bila sababu, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kutapika kusikokoma, na upungufu wa damu. Maumivu ya kifua yanayoambatana na jasho, au yanayosambaa mkononi au tayani, huenda ni ya moyo, na hayangoji kesho. Mwenye dalili hizi hahitaji boksi jingine la vidonge. Anahitaji kipimo cha kuchungulia tumbo kwa mpira wenye kamera.

Wananchi nao wasichanganye kiungulia na vidonda vya tumbo. Tangu mwaka 1982, Warren na Marshall wa Australia walipogundua kijidudu kinachoishi tumboni, imejulikana kwamba vidonda vingi hutokana na maambukizo na huponywa kwa viuavijasumu. Kijidudu hicho hupimwa, hakikisiwi. Na anayekwenda kupimwa kwa choo ni lazima aseme kama ametumia omeprazoli katika wiki mbili zilizopita, kwa maana dawa hiyo huweza kukificha.

Je, tufanye nini? Mkoa wa Ruvuma una sababu ya kutoa mfano. Mwaka 2003, ulipoanza nchini mpango wa Duka la Dawa Muhimu, mkoa huu ndio uliokuwa wa majaribio, na kutoka hapa mpango ukaenea mikoani. Shabaha yake ilikuwa kuwapa wauzaji mafunzo, na wananchi wa vijijini dawa zilizo salama. Hatua inayofuata ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Muuzaji anayemwona mteja yule yule akirudi mara ya tatu kwa dawa ya kiungulia amwelekeze zahanati badala ya kumwongezea vidonge.

Kwa viongozi wa Mbinga na Nyasa tunasema hivi. Kila zahanati iwe na ile orodha ya dalili za hatari imebandikwa ukutani, na mganga wake awe na uwezo wa kuandika rufaa inayoheshimiwa. Tujulishwe wazi ni hospitali ipi ya karibu yenye kile kipimo cha kamera, siku zipi, na kwa gharama gani, ili mvuvi wa kisiwani asipoteze nauli ya boti na basi kufuata huduma isiyokuwapo. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imefupisha safari. Haitakuwa na faida kwa mgonjwa kama mwisho wa safari yenyewe haujulikani.

Na kwa mwananchi, sehemu kubwa ya tiba hii haiuzwi. Kula saa tatu kabla ya kulala. Mvuvi anayelala mchana naye apumzike kwa kukaa kwanza. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kiasi cha shubiri moja kwa matofali au vipande vya mbao. Lalia ubavu wa kushoto. Punguza uzito uliozidi, acha tumbaku, punguza ulanzi na komoni, na usifunge mkanda ukabana tumbo. Kahawa na pilipili aviache yule anayeona vinamdhuru. Si sheria ya watu wote.

Mwaka 1973, kwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wa nchi hii walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja madawa kutoka ng'ambo. Tulipotangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini hatukusema tupigane na maradhi makubwa tu. Mkulima wa Maguu na mvuvi wa ziwani wanapoteza usingizi, fedha, na pengine nafasi ya kuokolewa mapema, kwa sababu ya ugonjwa tuliouzoea. Anayemeza vidonge hivi leo ajiulize ni lini alianza na ni nani atakayemwambia aache. Kama hana jibu, aanzie zahanati.