"Shall" na "may": deni haligeuki hiari

Hivi karibuni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa umma, alinionesha rasimu ya barua ya kumjibu mwananchi aliyedai kuelezwa kwa nini amenyimwa kibali. Sheria husika, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilisema mamlaka "shall" itoe sababu. Rasimu ilisema mamlaka "inaweza kutoa sababu pale itakapoona inafaa". Nikamuuliza hiyo "inaweza" ameitoa wapi. Akajibu, "Mwalimu, si ni yale yale?"

Si yale yale. Hata asili zake ni mbalimbali: katika Kiingereza cha kale, "shall" lilihusu kudaiwa, na "may" lilihusu kuwa na nguvu. La kwanza ni neno la mdaiwa. La pili ni neno la mwenye uwezo. Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inaulinda mpaka huo: "may" huacha hiari ya kutumia mamlaka au kutoyatumia, "shall" hutaka jukumu litekelezwe. Anayebadilisha neno moja kwa jingine humgeuza mwananchi kutoka mdai kuwa mwombaji.

Najua wapo watakaodakia kwamba Kiswahili hakitoshi kubeba sheria. Huo ni uvivu uliovikwa joho. Kiswahili kina "lazima", kina "sharti", kina "wajibu", kina "hiari". Kasoro ni yetu waandishi. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, nasi tungali tunaegemea kiambishi "-ta-" kubeba mzigo wa "shall". "Waziri atatoa sababu": je, hiyo ni amri, ahadi au utabiri? Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini nani asiyejua namna ahadi zinavyolala katika mafaili ya ofisi zetu?

Ninachodai ni kidogo. Waandishi wa sheria waandike "ni lazima atoe" palipo na wajibu, na "ana hiari ya kutoa" palipo na hiari. Watumishi wa umma wasome kifungu kabla ya kuandika barua. Nawe mwananchi, ukiambiwa ofisi "inaweza" kukusikiliza, uliza sheria yenyewe imetumia neno gani. Ikiwa ni "shall", usibembeleze. Dawa ya deni ni kulipa.