Hazina Iliyofichika na Shamba la Jirani

Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa parokia yetu alinisubiri mlangoni pa sakristia. Mkononi alikuwa na kifaa cha kutambua metali ardhini, kile ambacho vijana hukiita detekta, alichokinunua kwa fedha za mananasi ya msimu mzima. Baada ya kunisalimu aliniuliza: "Baba Paroko, mimi ndiyo kwanza naanza. Wapi panafaa kuanzia?" Kisha akashusha sauti. Alikuwa amesikia kwamba mapadre wa zamani waliacha ramani, na kwamba penye misheni ya kale kule Pugu kuna kitu kilichofukiwa.

Nilicheka. Nilipoutazama uso wake nikajuta, kwa maana swali lake lilikuwa la haki, na fedha aliyoitoa ilikuwa ya jasho. Nilimwomba anipe juma moja la kutafakari. Leo namjibu yeye, na pamoja naye wote wanaoamini kwamba Mjerumani alizika utajiri chini ya miguu yetu.

Tuanze na Pugu. Wamisionari Wabenediktini walifika hapo mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni yao ilishambuliwa na kuteketezwa, na watawa watatu wakauawa, mmoja wao akiwa sista. Misheni hiyo haikufikisha hata miaka miwili. Ni hazina gani ingekusanywa kwa muda huo? Ardhi ile ilipokea damu, na leo waamini huenda kuhiji huko. Anayekwenda na jembe usiku mahali wenzake wanapokwenda na rozari mchana, amekwisha kupotea njia kabla hajachimba.

Ni kweli kwamba Wajerumani waliacha fedha. Rupia za kampuni yao zenye sura ya Kaisari zilianza kutengenezwa mwaka 1890, na nyingine bado zinaonekana mashambani. Ni kweli pia kwamba mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na vita, walitengeneza huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke, katika Mkoa wa Singida wa leo. Lakini sarafu hizo zilikuwa takriban 16,000 tu, kwa ajili ya koloni zima. Kutoka hapo hadi masanduku ya dhahabu chini ya kila mbuyu wa Uzaramo ni safari ndefu, na wengi wanaoifupisha ni matapeli. Yupo anayeuza rupia ya kawaida kwa bei ya ng'ombe akisema ina nguvu za ajabu. Yupo mganga anayedai kuku mweusi na malipo ya awali ili aonyeshe mahali. Hapa Mkristo asiyumbe: jambo hilo linagusa amri ya kwanza kabla halijagusa mfuko.

Kifaa chenyewe hakina siri. Waya uliozungushwa katika sahani yake hutoa nguvu ya sumaku; metali iliyo chini huijibu, na kifaa hulia. Kifaa cha bei nafuu huitambua sarafu iliyo chini kiasi cha urefu wa kiganja, wala si sana zaidi. Anayekuuzia mashine inayonusa dhahabu umbali wa kilomita nzima anakuibia. Na jua kwamba sehemu kubwa ya milio utakayoisikia itakuwa misumari, vizibo vya soda na vipande vya mabati.

Basi mwanzaji aende wapi? Aanzie nyumbani kwake na katika shamba lake, ambako atajifunza kuutofautisha mlio wa msumari na mlio wa sarafu bila kumkosea mtu. Kisha awaulize wazee: gulio la zamani lilikuwa wapi? Watu walipumzika chini ya mwembe gani walipokwenda kisimani? Mahali watu walipokaa, walipouza na kucheza, ndipo walipoangusha vitu. Lakini kabla ya kuinua jembe amwone mwenye shamba, na kama ni ardhi ya kijiji, amwone mwenyekiti na serikali ya kijiji. Aende mchana. Afukie kila shimo, maana shimo la mtafutaji wa jana huvunja mguu wa mtoto wa leo.

Yapo mahali ambapo asiende kabisa. Asiguse makaburi, ya Mkristo wala ya Mwislamu. Asichimbe katika hifadhi ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi bila kibali. Asikaribie reli ya TAZARA inayopita wilayani kwetu, kwa sababu chuma cha reli hakikupotea, bali kinashika maisha ya abiria. Magofu na mabaki ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayokataza kuyachimbua bila leseni. Na anayetafuta dhahabu ya asili ajue kwamba madini ni mali ya Taifa, na kuyatafuta kunahitaji leseni kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010.

Kuna na jambo la uhai. Tunakumbuka milipuko ya maghala ya silaha, Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, jirani zetu, usiku wa 16 Februari 2011, ambapo makombora yaliruka mpaka kwenye makazi ya watu. Tunakumbuka pia Novemba 2017 katika shule ya msingi Kihinga, wilayani Ngara, ambako watoto walikufa kwa bomu lililookotwa na mwenzao akidhani ni chuma chakavu. Kifaa hakitofautishi bomu na sufuria. Ukifukua kitu usichokijua, chenye umbo la chupa, yai au bomba, usikiguse. Weka alama, wazuie watoto, kaite polisi.

Wengine wataniambia: "Padre, Mjerumani alitunyang'anya. Mali yake ni yetu." Hoja hiyo ina uzito. Tangu mwaka 1898 babu zetu walitozwa kodi ya nyumba kwa rupia hizo hizo. Walilimishwa pamba kwa nguvu. Na vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilifika hata Uzaramo. Lakini tuifuate hoja mpaka mwisho. Kama mali ile ilitoka kwa babu zetu wote, basi ni ya wajukuu wote, wala si ya mmoja mwenye tochi na jembe saa nane za usiku. Mahali pake ni makumbusho, ambako mtoto wa Maneromango ataiona na kuambiwa ilivyopatikana.

Bwana wetu alisimulia habari za mtu aliyekuta hazina shambani. Tunakumbuka furaha yake, na mara nyingi tunasahau alichofanya. Hakuondoka nayo gizani. Aliuza vyote alivyokuwa navyo, akalinunua lile shamba kwanza. Na yule mama aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi aliwasha taa na kufagia nyumba yake mwenyewe, si ya jirani. Ndiyo maoni yangu, kwa kifupi: mahali pema pa kuanzia ni pale unapoweza kuingia mchana kwa baraka ya mwenyewe, na kutoka ukimwonyesha ulichokipata.

Nilipomweleza kijana wetu hayo, nilimpa na kazi. Bibi mmoja wa jumuiya yetu alipoteza pete ya ndoa akivuna mihogo, na marehemu mumewe ndiye aliyemvisha. Jumamosi kijana alikwenda, bibi akamwonyesha matuta. Amepata jembe bovu na vizibo kumi na vinne. Pete bado. Bibi amempikia, na amemwambia arudi Jumamosi ijayo.

Tumwombe Mtakatifu Antoni wa Padua awaombee wote wawili. Nawatakieni Dominika njema.

Tumsifu Yesu Kristo!