Mugeni afundishwe kwanza kusimama

Kule Grenoble, mji wa Ufaransa wenye kuzungukwa na milima ya Alpes, mwanafunzi wa universite mwenye hajaona theluji hata siku moja anaweza kujifunza ski. Universite iko na service ya michezo, wanaiita SUAPS. Anajiandikisha pamoja na wageni wenzake, na mwalimu anawaongoza ku milima ya karibu, sawa Chamrousse, pale walifanyia mashindano ya ski ya Jeux Olympiques ya 1968. Ski ni mchezo wa bei kali, lakini kupitia universite analipa kidogo kuliko kwenda peke yake.

Wandugu, najua mutasema: sisi tuko na vumbi, theluji tutaitoa wapi? Ni kweli. Lakini muangalie namna wanamufundisha yule mugeni, juu iko na somo kwetu sisi watu wa mugodi.

Siku ya kwanza hawamupeleki juu ya mlima. Anabaki chini, pa tambarare. Anajifunza kuvaa viatu vile vigumu, kutembea navyo, kuanguka kwa upande na kuamuka. Kisha wanamuonyesha kufunga breki: anakaribisha ncha za mbele za ski, anatanua za nyuma, anapinda magoti, na mwendo unapunguka mpaka anasimama. Wafaransa wanaita ile chasse-neige. Mwenye hajui kusimama, hapandi. Njia zenyewe ziko na rangi: kijani ya wageni, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi ya mafundi. Hata kifungo chenye kushika kiatu ku ski wanakipima kufuata kilo za muntu, urefu wake na ufundi wake, ili akianguka vibaya kifunguke mbele mguu haujavunjika.

Tena kuna sheria. Shirikisho la kimataifa la ski, FIS, liko na sheria 10 za mwenendo. Ya tatu inasema: mwenye kutoka nyuma njo anapaswa kuchagua njia yenye haitamutia hatarini mwenye kuwa mbele. Ku mteremko, wa nyuma njo wa juu. Yeye anaona, wa chini hana macho mu mugongo. Basi wa juu anajibu juu ya wa chini.

Sasa tuangalie kwetu. Kijana anapata kazi ku sous-traitant. Mara nyingi wanamupa kaske na buti, anatia sinyature ku karatasi yenye hajasoma, na siku ile ile anashuka. Ku wachimbaji wa mikono ni mbaya zaidi: anafuata wenzake mu shimo, anajifunza kwa macho tu. Pale kosa la kwanza linaweza kuwa la mwisho.

Mkataba namba 176 wa OIT, wa 1995, juu ya usalama mu migodi, unasema wazi: mutumikaji apewe formasio na maelezo yenye anaelewa, juu ya usalama na juu ya kazi yenyewe, bila yeye kulipa kitu. Maelezo ikiwa mu Kifaransa ao mu Kichina, na yeye anasikia Swahili tu, hayo si maelezo. Unasema tena: akiona hatari ya kweli, iko na haki ya kuondoka pale.

Wakubwa watajibu kwamba formasio inakula saa za produksio. Inakula, ndiyo. Lakini mguu wenye kuvunjika unakula miezi, na kifo kinakula jamaa nzima. Kama mwanafunzi mwenye kwenda kucheza anapewa mwalimu na siku ya tambarare, mutumikaji mwenye kwenda kutafuta chakula cha watoto atakosa namna gani?

Kwa hiyo sindika ziombe mambo tatu: mugeni asishuke mbele ya kuonyesha kwamba anajua kusimamisha mashine na kutoka, siku zake za formasio zilipwe, na shefu wa juu aandikwe kwa jina kwamba anajibu juu ya watu wake wa chini.

Na nyinyi jamaa, kijana akirudi siku ya kwanza, musimuulize mushahara tu. Mumuulize: nani alikufundisha, na hatari ikikuja unatokea wapi?